Karatasi Isiyokunywa Wino

Uvira, Kilibula, 9 Oktoba 2022

Mwanangu Chabani,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, na nikisema wazima maana yake tunakula na tunalala. Ndugu yako Ngongo, mwanangu wa kuzaa, anakusalimu, mkewe pia, na watoto wao ambao wamerefuka hadi suruali zimekuwa kaptura. Mvua imeanza. Ziwa lililofurika limerudi nyuma kidogo lakini majirani wa huku chini bado hawajathubutu kurudi kwao. Habari kubwa ni ya mdogo wako Sumaya: amechumbiwa rasmi. Kijana ni wa Kalundu, fundi wa injini za mashua, ana masikio makubwa na adabu nzuri. Masikio tutayazoea. Harusi ni baada ya Idi.

Sasa nisikilize, yaani nisome.

Tangu madaktari waondoe ule uvimbe kooni na sauti ikaenda nao, mimi naongea kwa kidaftari. Kalamu ninayo, ile ya wino aliyoiacha marehemu mume wangu alipokuwa karani bandarini. Bic siiwezi. Bic inataka kusukumwa, na vidole vyangu siku hizi havisukumi hata mlango. Kalamu ya wino inateleza yenyewe. Taabu iko kwenye karatasi. Kaye za hapa, yaani madaftari ya shule, zinakunywa wino kama unga wa muhogo unavyokunywa maji. Nikiandika neno, herufi zinavimba, zinashikana, kisha zinatokea upande wa pili. Mkwe wangu anaipeleka karatasi dirishani, anakunja uso, halafu ananiambia, "Ndiyo, Mama." Ndiyo nini? Nilikuwa nimemwuliza ni nani aliyehamisha kitanda changu.

Mimi Mwavita, niliyekuwa nikisikika kutoka soko la Mulongwe hadi darajani, leo naitikiwa kama mtoto mwenye homa. Inaniuma, sikufichi.

Na kuna linaloniuma zaidi. Unajua kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kabla shangazi yake hajakaa naye nyuma ya pazia na kumpa maneno yake. Sumaya nimemlea mimi, kama nilivyokulea wewe, tangu wazazi wenu walipotangulia. Watu wa nyumbani wameketi hapa bila mimi wakaamua kwamba binamu yangu wa kike wa Kasenga ndiye atakayesema. Ngongo alinieleza kwa sauti kubwa, kana kwamba na masikio nayo yalikatwa: "Mama, weye utaikala tu pale, yeye njo atasema." Nilimwandikia jibu. Hakuweza kulisoma.

Kampala ni mji mkubwa. Nitafutie kidaftari kinachoingia mfukoni mwa gauni, chenye karatasi isiyokunywa wino. Nataka kusema na Sumaya mwenyewe, kwa maneno yangu, yasomeke. Na uje, Chabani. Barua si mtu.

Shangazi yako,
Mwavita

*

Kampala, 27 Novemba 2022

Shangazi yangu mpendwa,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imenifikia, imechelewa lakini imefika. Bahasha ilinukia mawese, nikaona njaa ya nyumbani hapo hapo. Mimi ni mzima. Duka la vipuri linakwenda, malori hayaachi kuharibika, Mungu atusamehe kwa kulifurahia hilo. Nimefurahi kwa ajili ya Sumaya. Mwambie masikio makubwa ni dalili ya mume atakayesikia anapoitwa.

Nimeanza kazi yako. Nilinunua kalamu inayofanana na yako na kichupa cha wino wa buluu, nikawa natembea navyo mfukoni. Naingia dukani, naomba kidaftari, nafungua ukurasa wa mwisho, natoa kalamu. Hapo ndipo muuzaji ananishika mkono. Wengine wananiruhusu kuweka nukta moja tu pembeni. Duka moja walinifuata hadi mlangoni wakidhani nakagua kwa ajili ya serikali. Nimejifunza jambo: unene si ubora. Kuna karatasi nene kama ngozi ambayo inakunywa wino kuliko kaye ya shule, na kuna nyembamba inayoukataa kabisa usipite.

Nimepata viwili. Chekundu kina karatasi laini kama ganda la yai, mstari unabaki mwembamba kama unywele. Cheusi ni kikubwa kidogo, lakini karatasi yake imara. Nimempa Domitille, yule mama anayekuja kununua vitenge huku na kurudi Uvira kwa kupitia mpaka wa Kavimvira.

Kuhusu kuja, mwisho wa mwaka kazi ni nyingi. Tutaona.

Nawe niambie ukweli: unapumzika nyumbani kama daktari alivyosema? Alikukataza soko na moshi wake. Usiniambie tu kwamba wewe ni mzima.

Mwanao,
Chabani

*

Uvira, 15 Januari 2023

Mwanangu Chabani,

Assalaam alaykum. Domitille alikwama upande wa pili wa mpaka karibu wiki nzima kwa mambo ya makaratasi, basi vidaftari vyako vilingoja naye. Kawia ufike. Alivifunga ndani ya kitenge kama watoto wachanga. Mjukuu wangu mdogo amepona malaria. Bibi wa jirani, yule aliyekuwa akikupa mikate ukiwa mdogo, amefariki, tumemzika Ijumaa. Mtumie salamu za pole mwanawe.

Vidaftari. Cheusi ni kizuri sana, lakini hakiingii mfukoni. Mtu hawezi kwenda jikoni kumwita mkwe wake akiwa amebeba kitu kama msahafu. Kimebaki kitandani, nakiandikia mambo ya kitandani.

Chekundu ndicho kilichonichekesha, na mimi nikicheka siku hizi mabega tu ndiyo yanayotikisika. Wino haupenyi, ni kweli. Unakaa juu. Unakaa juu na unaendelea kukaa juu. Nikifunga kidaftari, maneno yanajipiga chapa ukurasa wa mbele yake. Ilibidi nipulize, na mimi, mwanangu, kwa mdomo sipulizi tena, pumzi yangu inatokea shingoni. Nikawa namwita mjukuu anipulizie kila sentensi. Nilitaka kumsengenya mama yake, nikashindwa, maana mpulizaji alikuwa anasoma.

Halafu kuna jambo sikulielewa. Kwenye kurasa nyingine kalamu inaruka. Inaandika, inaacha, inaandika tena, kana kwamba karatasi imeninunia. Nakutumia ukurasa mmoja uone. Nadhani walikuuzia kilichoharibika.

Hapa nyumbani hawaninyimi kitu. Mkwe wangu ananipikia vizuri. Yule binamu wa Kasenga ameshashona gauni la siku hiyo, la kijani, na anazunguka akijifunza sauti ya upole. Ulimi hauna mfupa, lakini wa kwake hauna hata nyama.

Hujaniambia utakuja lini.

Shangazi yako,
Mwavita

*

Kampala, 12 Februari 2023

Shangazi,

Waalaykum salaam. Nimempigia mtoto wa marehemu bibi wa mikate, tumelia kidogo, kisha tukakumbuka jinsi alivyokuwa akitufukuza kwa mwiko, tukacheka. Hapa ni wazima. Nilikuwa na homa, imepita.

Nimekaa na ukurasa wako mezani dukani. Kwanza niliukasirikia. Kisha nikaona kwamba kalamu inaruka upande wa chini tu, kulia, pale mkono wako unapoegemea. Shangazi, mimi nauza vipuri. Vidole vyangu ni vya grisi tangu asubuhi, na kila stakabadhi niliyoishika kwa kidole gumba, kalamu inaruka mahali hapo hapo. Wino ni maji, hauwezi kupita juu ya mafuta. Nikauleta ukurasa puani.

Karatasi haina kosa. Ina mawese.

Na si mawese ya mtu aliyepika mara moja. Ni ya mtu anayeshika mabidoni ya mafuta kutwa, kama ulivyokuwa ukiyashika nilipokuwa mdogo na mkono wako ukininyoa nywele ulikuwa ukiniachia harufu hiyo kichwani hadi jioni. Barua ya kwanza pia ilinukia hivyo, nikadhani ni nyumbani tu kunanukia.

Uko sokoni? Nakuuliza kwa adabu, lakini nakuuliza. Nilikuwa hapa najua umelala, kumbe uko Mulongwe. Ukizidiwa, mimi nitaambiwa na nani, na lini? Niliposoma kwamba hawakunyimi kitu nilifurahi. Sasa sijui niamini lipi.

Kwa kalamu, dawa ni ndogo: weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono unapoandika, uwe unakisogeza. Kwa hilo lingine sina dawa. Naendelea kutafuta kidaftari kinachokauka upesi.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Chabani

*

Uvira, 10 Machi 2023

Chabani,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Sumaya anakusalimu, siku hizi anaimba hata akiosha masufuria. Tunajiandaa na Ramadhani.

Ndiyo, niko sokoni. Umenifumania kwa pua, na hiyo pua niliilea mimi, basi sina wa kumlaumu. Usiogope moshi, sipiki wala sikaangi. Nakaa kwenye kiti chini ya turubai, nauza mawese yangu na kurudi kabla ya jua kali.

Nitakuambia kwa nini, kisha usiniulize tena. Nyumbani hawaninyimi kitu ila subira. Nikitoa kalamu, mkwe wangu tayari ameshajibu. Nikiandika neno la kwanza, Ngongo anamalizia sentensi kwa lile alilodhani, tena anadhani vibaya. Wananipenda, naapa wananipenda, lakini hawana nafasi ya kuningoja. Sokoni mteja anataka mafuta yake, hivyo anangoja. Anasimama, ananitazama nikiandika hadi nafunga kalamu, ndipo anasoma na kunijibu. Mwanamke mmoja wa Kiringye, analima mpunga huko uwandani, anajua kusoma kidogo tu, anafuata herufi kwa kidole. Hanifupishi. Mbele yake mimi bado ni mtu.

Sasa sikia la harusi. Ngongo alikusanya wazee wa ukoo, nami nikawaandikia kwamba nitasema na Sumaya kwa kidaftari. Safari hii walisoma vizuri sana. Wakanijibu kwamba maneno ya nyuma ya pazia hayaandikwi. Ya mdomo huisha chumbani. Ya karatasi hubaki, yakaokotwa na mama mkwe au jirani, na siri za wanawake wa nyumba hii zikauzwa sokoni pamoja na samaki wa ndagala. Nilitaka kukasirika, lakini kusema haki, wana sababu.

Nikamkumbuka baba yangu, babu yako. Watu walikuwa wakimletea wagonjwa, naye akiandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akiosha yale maandishi kwa maji, mgonjwa akanywa. Sahani ilibaki tupu. Nilikuwa mtoto, nikamwuliza maneno yamekwenda wapi. Akasema hayakupotea, yamehama. Maneno yangu si Aya, astaghfirullah, wala hakuna atakayeyanywa. Lakini wino wangu wa buluu nao hutoka kwa maji, kila gauni langu ni shahidi. Sumaya akisha kusoma, tutaosha ukurasa hapo hapo mbele ya yule wa Kasenga. Wazee wamekubali kwa sharti moja: ukurasa utoke chumbani mweupe na mzima. Ukichanika au ukibaki na hata neno moja, hawataki kusikia tena habari za kidaftari, na mabinti wote wa ukoo huu watasemewa na binamu.

Kaye zetu zikilowa zinakuwa uji. Nitafutie karatasi inayokauka upesi, isiyotawanya wino, na inayovumilia maji. Na usinitumie ule wino usiofutika, hata wakikuambia ni bora.

Wewe umeuliza kwa nini niko sokoni, nami nimejibu. Mimi nimeuliza mara ngapi utakuja lini? Unanitumia vidaftari. Kidaftari hakiketi barazani kunywa chai.

Mwavita

*

Kampala, 8 Aprili 2023

Shangazi yangu,

Waalaykum salaam. Saumu njema. Nakuandikia dukani, wateja ni wachache mchana huu na tumbo linaongea peke yake.

Nimekipata. Kulikuwa na muuzaji mmoja, Kizito, duka lake limejificha nyuma ya kituo cha mabasi, anauza bahasha na mihuri. Nilimweleza shida yako yote, si ya karatasi tu. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na boksi la vidaftari vya zamani ambavyo hakuna anayevitaka kwa sababu mistari imepauka na jalada lina vumbi. Vinaenea kwenye kiganja. Vimeshonwa kwa uzi. Karatasi inakwaruza kidogo ukiipapasa, si laini kama ile ya yai. Niliandika, nikahesabu pumzi chache, nikapitisha kidole: pakavu. Nikageuza: upande wa pili hakuna kitu. Kizito akaleta beseni la kunawia. Nikazamisha ukurasa wenye jina lako, tukainama wote wawili kama watu wanaotafuta pete. Jina likaondoka polepole, maji yakawa na rangi, karatasi ikabaki nzima. Nilirudia na ukurasa mwingine nikiwa na haraka, nikausugua, ukachanika. Basi msisugue. Ulaze tu kwenye maji na kuusubiri.

Nimechukua boksi lote.

Sasa lile ambalo umeniuliza. Kazi si nyingi, Shangazi. Malori yanaweza kuharibika bila mimi. Siku uliyotoka hospitali Ngongo alinipigia, akakuwekea simu sikioni. Niliita, "Shangazi", nikasikia pumzi tu. Mimi sauti yako ndiyo niliyokuwa naifuata nikipotea sokoni. Nikisikia unavyogombana na mtu kuhusu bei, nilijua nyumbani ni upande ule. Nimeogopa kuja, niketi mbele yako, kisha kuwe kimya, na mimi nisijue pa kuelekea. Ndiyo maana nimekuwa nikituma karatasi. Naogopa mpaka sasa.

Boksi hili sitampa Domitille. Anaweza kukwama mpakani tena.

Mwanao,
Chabani

*

Uvira, 21 Mei 2023

Mwanangu Chabani,

Assalaam alaykum. Natumaini umefika Kampala salama na basi halikukutapisha kama ulipokuwa mdogo. Wote wanakusalimu. Mkwe wangu anauliza kama ule mkeke, samaki wa ziwani, tuliokufungia ulifika bila kuoza. Nimemjibu kwamba uliula kabla ya Kavimvira, nakujua.

Wewe ni mwanamume, ulikaa nje na wanaume wenzako, basi ya nyuma ya pazia huyajui. Nitakuambia yanayosemeka.

Siku ya harusi nilikaa mkekani na Sumaya. Yule wa Kasenga alikuwa ameshika beseni, amevaa gauni lake la kijani, amenuna. Niliweka kipande cha karatasi safi chini ya mkono, kama ulivyonifundisha, na mikono nilikuwa nimeiosha kwa sabuni mpaka ikawa ya mtu mwingine. Niliandika polepole. Sumaya hakuchungulia. Nilipofunga kalamu nikampa, akasoma, akaguna, akasoma tena, akaanza kulia, kisha akacheka kwa jambo moja ambalo hata wewe sitakuambia, na yule wa Kasenga akanyoosha shingo akitamani kujua. Nilimtikisia kichwa. Hayo ni ya Sumaya.

Akautoa ukurasa kwenye uzi taratibu, akaulaza majini. Tukangoja. Niliogopa, Chabani, niliogopa kuliko siku ya kisu cha madaktari. Maneno ya juu yalitoka kwanza, kisha ya katikati. Neno moja la chini liligoma. Sumaya akataka kulisugua, nikamshika mkono. Mwishowe nalo likaachia. Yule wa Kasenga aliinua ukurasa kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena, hakuona kitu. Akatoka nao mwenyewe kuwaonyesha wazee. Niliporudi barazani aliniletea chai, na hakusema neno, na mimi pia, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Sumaya alikuwa ametia mikono kwenye yale maji. Uliziona hina zake siku hiyo, lakini nadhani hukuona ncha za vidole. Zilikuwa za buluu. Mama mkwe aliziona alipompokea, akamwuliza, "Hii rangi ya mu vidole ni ya nini?" Sumaya akamjibu, "Ni shangazi yangu njo amesema na minye." Mama mkwe akamwingiza ndani. Amelifahamu hilo, maana naye ni shangazi wa mtu.

La mwisho ni lako. Jioni uliyofika ulikaa kwenye kibao barazani, na mimi nikatoa kalamu. Nilikuona umekaza taya. Nikaandika, na kulikuwa kimya, kama ulivyoogopa. Wewe ukatazama ziwa. Hukunijibu kabla sijauliza wala hukunimalizia. Nilipofunga kalamu ndipo uliponyoosha mkono. Tuliongea hivyo mpaka chai ikapoa, na tulipogombana kuhusu kukonda kwako ulijua vizuri kabisa nyumbani ni upande gani. Mkwe wangu alikuwa anachungulia mlangoni. Juzi nilimwandikia jambo, akangoja. Alikuwa anapigapiga mguu chini, lakini alingoja.

Karatasi hii ndogo ya mwisho, iliyojikunja, ndiyo ile iliyolala kwenye beseni. Wazee walinirudishia. Imekauka juani, na wino sasa unatawanyika kidogo, uzee wa maji. Lakini nadhani unanisoma.

Shangazi yako,
Mwavita